Uvimbe wa kinena ni saratani, lakini ngozi haina doa: Je, mgonjwa ana matumaini gani?

JE, msomaji, uvimbe unaotokea kinenani au kwapani husababishwa na nini? Uliza swali hili katika mitaa ya Iftin mjini Garissa na utapata majibu matatu upesi. Wa kwanza atakuambia ni mtoki ulioletwa na mwiba wa mguuni. Wa pili atasema ni kifua kikuu cha tezi. Wa tatu atakushauri ungoje, kwani hilo ni jipu na bado halijaiva. Mara nyingi mmoja wao atakuwa amesema kweli, kwa sababu mambo hayo yote matatu ni ya kawaida katika eneo la Kaskazini Mashariki.

Lipo jibu la nne, la nadra sana, na ndilo tunaloliangalia wiki hii. Daktari hudunga sindano kwenye uvimbe, chembe hupelekwa maabara, na jibu likirudi limeandikwa melanoma. Hii ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mgonjwa huvuliwa nguo na kukaguliwa, na ngozi yake haina baka wala kidonda. Saratani ni ya ngozi na ngozi ni safi. Imetoka wapi, basi?

Madaktari huita hali hii melanoma isiyojulikana ilikoanzia. Wagonjwa takriban 3 katika kila 100 wa melanoma huwa wa namna hii. Wengi wao huwa na uvimbe katika tezi za kinena, za kwapa au za shingo. Wengine huwa na kinundu chini ya ngozi, na wachache hugunduliwa ugonjwa ukiwa tayari kwenye mapafu, ini au ubongo.

Habari mbaya kwa kawaida hufika nyumbani kabla ya mgonjwa. Jamaa husikia maneno mawili tu, "imesambaa" na "haijulikani ilikotoka". Hapo baadhi yao huanza kuzungumza kana kwamba mazishi ni kesho, na wazee hukaa kikao kuamua kama kuna haja ya kuuza ngamia kwa ajili ya nauli na matibabu ya mtu ambaye hatapona. Uamuzi huo hufanywa kwa kubahatisha, ilhali idadi ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mingi inatosha kutoa jibu lililo bora kuliko hilo. Kwa ufupi, kutojulikana kwa chanzo hakumwongezei mgonjwa hatari. Ukimlinganisha na mwenzake aliye katika hatua ileile na ambaye chanzo chake kinajulikana, yeye huwa na nafuu kidogo.

Hatua ya tatu, si ya nne

Saratani hupimwa kwa hatua nne. Katika hatua ya kwanza na ya pili ugonjwa ungali mahali pake. Katika hatua ya tatu umefika kwenye tezi za jirani, na katika ya nne umeruka hadi viungo vya mbali. Mtu akisikia kwamba shina la ugonjwa halionekani na tawi lake limejitokeza kinenani, ni rahisi kudhani kwamba amefika hatua ya nne, kwa kuwa "imesambaa".

Sivyo. Mwongozo wa kimataifa wa kupima hatua za saratani, ambao toleo lake la nane lilianza kutumika mwaka 2018, unaeleza kwamba melanoma iliyo kwenye tezi za eneo moja bila chanzo kujulikana ni hatua ya tatu, mradi picha za mwili mzima hazijaonyesha ugonjwa mahali pengine. Tofauti hii si ya makaratasi tu. Mgonjwa wa hatua ya tatu hupelekwa kwa daktari wa upasuaji, lengo likiwa kumponya. Yule wa hatua ya nne huenda akapewa dawa za kutuliza maumivu tu na kurudishwa nyumbani, hasa katika hospitali isiyo na dawa nyingine za kumpa.

Sasa tuangalie takwimu. Mwaka 2011 watafiti walikusanya ripoti zilizokuwa zimechapishwa juu ya wagonjwa hawa. Wale ambao saratani ilikuwa kwenye tezi pekee, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa kati ya 29 na 76 katika kila 100, kutegemea hospitali na aina ya wagonjwa. Wale ambao ilikuwa imefika viungo vya ndani, waliokuwa hai baada ya muda huo walikuwa kati ya 6 na 18 tu katika kila 100, na nusu yao hawakuvuka mwaka mmoja na miezi michache. Utaona wazi kwamba linaloamua maisha ya mgonjwa ni mahali saratani ilipo sasa, wala si mahali ilikotoka.

Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Journal of the American Academy of Dermatology lilichapisha uchambuzi wa tafiti 18 zilizowalinganisha wagonjwa ambao chanzo chao kinajulikana na wale ambao hakijulikani. Katika hatua ya tatu, hatari ya kufa kwa wasio na chanzo ilikuwa ndogo kwa takriban asilimia 17. Katika hatua ya nne ilikuwa ndogo kwa takriban asilimia 15. Tofauti hiyo si kubwa, lakini inapingana na hofu ya wengi.

Neno moja la tahadhari kabla hatujaendelea. Wengi wa wagonjwa katika tafiti hizo ni Wazungu wa Ulaya, Marekani na Australia, ambao melanoma yao huletwa na jua. Mtu mweusi akipata melanoma, kwa kawaida huanzia penye rangi hafifu ya ngozi, yaani unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, na aina hiyo ina tabia zake. Tumia hesabu hizi kama dira tu, usizichukue kuwa ahadi.

Kinga inapomla adui na kuacha mtoto wake

Kwa nini mtu ambaye chanzo chake kimepotea aishi zaidi? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba chanzo kilikuwepo kwenye ngozi, na kinga ya mwili ikakitambua na kukimaliza. Kabla hakijamalizika, seli chache zilikuwa zimekwisha kutoroka hadi kwenye tezi. Anayeachwa hivyo ana ugonjwa, lakini pia ana jeshi lililokwisha kushinda vita moja. Ushahidi mmoja unatokana na vinasaba. Uvimbe wa tezi usio na chanzo, ulipochunguzwa kwa Wazungu, ulionekana kuwa na makovu yaleyale ya jua yanayopatikana katika melanoma ya ngozi, ingawa tezi zenyewe hazikuwahi kuona jua. Wapo pia wataalamu wanaosema kwamba baadhi ya uvimbe huu huanzia ndani ya tezi zenyewe, kwa kuwa seli za rangi hupatikana humo hata kwa watu wazima wa afya.

Watu wengi hawajui kwamba sehemu ya fikra hii ya kinga ilichunguzwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 daktari M. G. Lewis, aliyekuwa akifanya kazi mjini Kampala, alichunguza melanoma za Waganda, ambazo nyingi zilikuwa za unyayoni. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la The Lancet juu ya uwezekano kwamba kinga ya mgonjwa hupigana na ugonjwa huo. Mwaka 1969 yeye na wenzake waliripoti kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa ilikuwa na silaha za kinga zilizolenga uvimbe wao wenyewe. Silaha hizo zilionekana ugonjwa ukiwa bado mahali pamoja, na hazikuonekana kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umetapakaa. Ilipita miaka zaidi ya 40 kabla ya fikra ya namna hiyo kugeuka dawa inayouzwa.

Je, kweli halijulikani, au halikutafutwa?

Hapa ndipo penye uzito kwa msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera. Mwaka 1963 madaktari watatu wa Marekani, Das Gupta, Bowden na Berg, waliweka masharti ya kutumia jina la melanoma isiyojulikana ilikoanzia. Walisema jina hilo lisitumiwe kwa mtu aliyewahi kung'olewa jicho. Lisitumiwe kwa aliyewahi kukatwa au kuchomwa baka, alama ya kuzaliwa au uvimbe wa ukucha. Wala lisitumiwe kwa mwenye kovu katika sehemu ya ngozi inayopeleka maji yake kwenye tezi iliyovimba. Na mgonjwa awe amekaguliwa mwili wote, pamoja na macho na sehemu za siri.

Soma tena sharti la kuchomwa. Katika jamii za wafugaji wa Kaskazini Mashariki, kuchoma kwa moto ni tiba ya jadi kwa maradhi mengi, na watu wazima wengi wana makovu ya namna hiyo. Kinundu cheusi cha mguuni kilichochomwa miaka minne iliyopita kinaweza kuwa ndicho chanzo, na kovu lake ndilo linalobaki kusimulia. Ni vivyo hivyo kwa baka lililokatwa kwa wembe nyumbani, au lililoondolewa katika zahanati na kutupwa kwenye ndoo bila kupelekwa maabara. Mgonjwa huyo hana "chanzo kisichojulikana". Chanzo chake kilikuwepo, kikatupwa.

Usilaumu mila peke yake. Wahudumu wa afya nao huchangia. Daktari mwenye foleni ya watu mlangoni huangalia uvimbe wa kinena bila kumwambia mgonjwa avue viatu. Na kinena ndicho kituo cha mguu mzima: maji ya tezi kutoka unyayoni, kisiginoni na katikati ya vidole hupitia hapo. Kwapa ni kituo cha mkono, kifua na mgongo. Shingo ni kituo cha uso na kichwa. Ukishajua tezi iliyovimba, unajua pia pa kuanzia kutafuta.

Kwa akina mama wa eneo hili kuna jambo jingine, nalo ni hina. Hina nyeusi au nyekundu iliyopakwa kwenye nyayo na kucha hufunika kabisa mstari mweusi wa chini ya ukucha au baka la unyayoni. Hakuna anayesema uache kujipamba. Ila ukiwa na tezi iliyovimba kinenani na huku una hina miguuni, mwambie daktari, na urudi akuangalie tena hina ikishafifia. Kucha huchelewa zaidi, kwani rangi huondoka ukucha unapokua.

Mahali pengine panaposahauliwa ni kichwani penye nywele, nyuma ya masikio, ndani ya mdomo, ndani ya pua, nyuma ya jicho, njia ya haja kubwa na uke. Melanoma huweza kuanzia sehemu hizo zote. Mama anayeona haya kukaguliwa na mwanamume ana haki ya kuomba muuguzi au daktari wa kike. Ombi hilo si usumbufu, na hospitali yoyote iliyozoea wagonjwa wa Garissa inalielewa.

Kisha kuna kifua kikuu. Mtu mwenye tezi iliyovimba, homa za jioni na kukonda huenda kweli ana kifua kikuu, na dawa zake za miezi 6 zitamponya. Hatari ni kuanza dawa hizo kwa kukisia, bila uvimbe kudungwa sindano, halafu kungoja miezi 6 ipite huku uvimbe ukikua. Kuchukua chembe kwa sindano ni kazi ya dakika chache, inayofanyika katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Ukianza matibabu katika hospitali ya Iftin au kwa daktari wa binafsi, na baada ya mwezi mmoja au miwili uvimbe umezidi badala ya kupungua, dai kipimo hicho. Sema wazi kwamba unataka chembe zichunguzwe na daktari wa patholojia.

Matibabu yakoje?

Ikithibitishwa kwamba ni melanoma, hatua inayofuata ni picha. Picha za CT za kifua, tumbo na nyonga, na MRI ya ubongo, ndizo zitakazosema kama ni hatua ya tatu au ya nne. Kipimo cha PET huonyesha mwili mzima kwa mara moja, na kwa hicho mgonjwa wa Garissa hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 350 hadi Nairobi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ina mashine hiyo, na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inayo pia. Kuna na kipimo cha damu kiitwacho LDH, cha bei nafuu, ambacho kikiwa juu kwa mgonjwa wa hatua ya nne si dalili njema.

Ikiwa ugonjwa uko kwenye tezi tu, upasuaji ndio nguzo. Daktari huondoa tezi za eneo hilo, si ule uvimbe mmoja peke yake. Mgonjwa aliyekuwa na tezi moja yenye saratani ana matarajio bora kuliko aliyekuwa na nne au tano zilizoshikana. Upasuaji wa kinena una gharama yake mwilini: mguu huweza kuvimba kwa miaka mingi, na kidonda huchelewa kupona. Mwulize daktari wako habari hizo mapema. Kukatwa uvimbe juujuu na mtu asiye na uzoefu, kana kwamba ni jipu, huharibu nafasi nzuri kuliko zote aliyonayo mgonjwa.

Dawa ndizo zilizobadilika sana. Hadi mwaka 2010 mgonjwa wa melanoma ya hatua ya nne alipewa kemotherapi iliyosaidia wachache, na wengi hawakumaliza mwaka. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha ipilimumab, na mwaka 2014 pembrolizumab na nivolumab. Dawa hizi haziui saratani zenyewe. Huondoa breki ambazo saratani imeifungia kinga ya mwili. Wanasayansi wawili walioonyesha njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Matokeo ya utafiti mmoja mkubwa yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliopewa ipilimumab na nivolumab pamoja, 43 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Mwaka huohuo wa 2024 utafiti mwingine ulionyesha kwamba wagonjwa wa hatua ya tatu waliopewa dawa hizo kabla ya upasuaji walikaa bila ugonjwa kurudi kuliko waliopasuliwa kwanza.

Huenda unamkumbuka Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani. Mwezi wa Agosti 2015, akiwa na umri wa miaka 90, alitangaza kwamba melanoma iliyoonekana kwanza kwenye ini lake ilikuwa pia kwenye ubongo. Alipasuliwa ini, akapigwa mionzi kichwani na kupewa pembrolizumab. Desemba mwaka huohuo alisema picha hazikuonyesha tena saratani. Alifariki Desemba 29, 2024, akiwa na miaka 100. Mlinganishe na mwanamuziki Bob Marley, ambaye chanzo chake kilijulikana vyema, chini ya ukucha wa kidole cha mguu, tangu mwaka 1977. Alifariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Watu wawili si utafiti, na Marley aliishi kabla ya dawa hizi. Hata hivyo wanaonyesha kwamba kujua ilikoanzia si ngao.

Tusidanganyane kuhusu bei. Shirika la Afya Duniani liliziingiza nivolumab na pembrolizumab katika orodha yake ya dawa muhimu kwa melanoma iliyosambaa mwaka 2019, lakini orodha hailipi bili. Katika Kenya dawa hizi zinawashinda wananchi wengi, na hata mtu aliyejiandikisha katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aulize mapema kiasi gani kitalipwa kabla ya kuanza. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza tezi. Mgonjwa anayefika ugonjwa ukiwa bado kinenani anaweza kusaidiwa na kisu cha daktari mzuri, jambo ambalo hospitali zetu kubwa zinaliweza. Anayefika ukiwa kwenye ini anahitaji dawa ambayo huenda asiimudu.

Kama vipimo vimefanyika na wewe au jamaa yako mmeambiwa muende Nairobi, msiondoke na karatasi ya majibu peke yake. Kinyama kilichokatwa huhifadhiwa maabara ndani ya kipande kidogo cha nta, pamoja na vioo vyembamba vilivyotiwa rangi. Omba kipande hicho na vioo, uvifunge vizuri, uvibebe mkononi badala ya kuviweka kwenye buti la basi lenye joto. Daktari wa Nairobi atavitumia kuhakikisha kwamba ni melanoma kweli, na kupima kama ina badiliko la kinasaba liitwalo BRAF ambalo lina vidonge vyake. Bila vitu hivyo, mgonjwa atakatwa upya na wiki nyingine tatu zitapita.